Duka Lisilo na Mlango

9 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti lile limetulia. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota jino la mbele lililokuwa linachelewa, sasa anamchekea kila mtu, hadi msoma mita za umeme. Baba yake bado yuko kwenye safari za lori. Anarudi Jumamosi, anaondoka Jumapili, nguo zake zinakauka mwenyewe ameshapotea.

Sasa niseme kilichonishikisha kalamu, mimi ambaye barua yangu ya mwisho ilikuwa ya kuomba kazi. Nimekupigia simu mara ishirini na moja tangu Agosti ianze. Inaita mpaka inachoka. Mara mbili ulipokea, ukasema, “Ndiyo, ndiyo, wazima, asante,” ukakata, na mimi nilikuwa nimekuuliza kama umemwona daktari wa goti. Nikampigia mwalimu, jirani yako. Akasema umo ndani, unasoma gazeti, huna neno. Kwa hiyo huumwi. Umetia pamba masikioni tu. Nimekukosea nini?

La pili ni likizo. Mwisho wa mwaka nataka kuja wiki mbili nzima, mimi na mtoto. Lakini Baba, siwezi kukaa wiki mbili bila intaneti. Kuna fundi hapo mjini kwenu anaweza kuja kufunga kifaa kidogo ukutani. Ni kazi ya nusu saa, na atatoboa tundu moja tu. Natumaini hutakataa.

Binti yako

27 Septemba

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta siku kumi kabla sijapita huko. Goti linaendelea na shughuli zake na mimi na zangu. Bati la jikoni lilifunuka kwa upepo, nimelirudisha. Mwalimu jirani amemwoza binti yake wa mwisho na sasa, kwa kukosa wa kumfundisha, anakuja kunifundisha mimi. Mpe mjukuu wangu hongera ya jino.

Umeandika “natumai” mwanzoni na “natumaini” mwishoni. Chagua moja.

Kuhusu tundu, hapana.

Mwaka jana ulikuja siku nne. Nilichokiona, kwa jumla, ni mgongo wako. Ulikuwa umesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko, pale mtandao unapokamata, mkono juu kama mtu anayeanika nguo. Nilimimina chai ikapoa, nikaimwaga, nikamimina nyingine nayo ikapoa. Siku ya tatu niliacha kumimina. Ulikuwa unazungumza na picha za nyayo za watu nisiowajua, na wakati ule nyumba hii ilikuwa imetimiza miaka minne bila mama yako.

Mimi nilisahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mmoja. King'ora kikilia, mashine inazimwa, tunanawa wino, tunakwenda nyumbani. Hakuna kitabu kilichokufa kwa kungoja Jumatatu. Njoo na miguu yako na mtoto. Simu ibaki huko.

Ile uliyoninunulia imo kabatini, nimeifunga kwenye kitambaa, haina hata mkwaruzo. Juu yake sina zaidi la kusema.

Baba yako

15 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Mtoto amekuwa wa nne darasani, ameniambia nikuandikie hilo kwanza kabla ya kugombana.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeiweka mezani kwa kishindo. Fundi wa soli, yule mama ninayefanya naye kazi, ameniuliza kama nimefiwa.

Hujawahi kuiona karakana yangu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Ukitoka barabarani unapita kati ya mapipa, unakunja kushoto, unakuta mlango wa bati ambao hauna hata kibao, maana mwenye nyumba hataki. Ndani kuna cherehani ya ngozi, rafu ya kalibu za miguu, zile za mbao za kuundia viatu, gundi, na sisi wawili. Hapo tunatengeneza viatu vya watu ambao hawapati kiatu dukani: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye unyayo uliopinda, mwenye kidole kilichokatwa. Hakuna mpita njia anayeingia pale. Wananiona kwenye simu, wananiuliza kwenye simu, wananitumia picha za miguu yao kwenye simu. Duka langu halina mlango, Baba. Mlango ni simu. Nikiizima, nimefunga.

Na niliwahi kuifunga. Likizo ya mwaka juzi niliizima siku saba nikalala. Nilipoiwasha nilikuta bibi mmoja aliyekuwa anangoja viatu vya mwanawe ameandika hadharani kwamba mimi ni tapeli, nimechukua vipimo nikatoroka. Watu wakaliokota neno wakalisambaza, watu ambao hawajawahi kuniona. Alikuja kuomba radhi baada ya kupata viatu vya mwanawe, lakini radhi haikusambazwa na mtu. Miezi mitatu nilikuwa nakaa na cherehani iliyofunikwa.

Kwa hiyo usiniambie habari za king'ora. Nyinyi mlikuwa na king'ora kwa sababu tajiri alikuwa mwingine. Mimi nani atanipigia?

Tena hiyo likizo ya mwaka jana unayonisimanga nayo haikuniacha salama. Kuna mteja mmoja. Basi, hayo tuyaache.

Nakuuliza tena: kwa nini hupokei simu? Watu wote duniani wananipata mimi. Mimi namtafuta mtu mmoja tu, simpati.

Binti yako

6 Novemba

Binti yangu,

Marahaba. Wa nne ni wa nne, si haba. Mwambie aandike mwenyewe.

Umenijibu kwa ukali, na mimi nilikuandikia kwa ukali, kwa hiyo hapo hatudaiani. Nimeufikiria huo mlango wako wa bati. Sikujua kwamba hauna kibao. Habari ya yule bibi aliyekuita tapeli pia sikuijua, na imeniudhi. Nimeshindwa kujua kama uliniambia mwaka ule nikasahau, au hukuniambia.

Nakupa nafasi hii. Saa moja kila siku, saa nne hadi saa tano asubuhi, simama kwenye ndoo yako ujibu dunia nzima. Saa tano ikifika, shuka. Kifaa cha ukutani, bado hapana. Nikikuruhusu tundu moja, utajibu watu ukiwa kitandani.

Halafu jambo la kazi yangu ya zamani. Umeandika, “Kuna mteja mmoja,” ukaweka nukta. Miaka thelathini na mmoja nimeona sentensi za kila namna, na ninazijua zile ambazo mwandishi amezikata kwa makusudi. Ile ulikuwa na maneno yake ukaona aibu. Imalize.

Mvua imeanza. Mwalimu amenisomea kitabu kizima cha historia kwa sauti kubwa, nikamwitikia hadi mwisho.

Baba yako

20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Baba mtoto amepata wiki moja ya kukaa nyumbani, amekarabati kila kitu, hata visivyoharibika.

Nitaimalizia sentensi, maana hata fundi wa soli sijamweleza yote.

Kuna mteja mmoja, mpishi wa shule ya bweni, mama wa makamo. Mguu wake wa kushoto umepungua sentimita tatu kwa sababu ya ajali ya zamani. Viatu vyake vilikamilika nilipokuwa kwako mwaka jana. Fundi wa soli alivimalizia peke yake akampelekea. Siku ile ile mama yule akaniandikia: “Nimevivaa. Naona kama nayumba. Ni kawaida?”

Wewe na mimi tulikuwa mezani. Huenda umesahau, ilikuwa siku ya pili, mvua ilikuwa imenitoa kwenye ndoo, nikagundua kwamba nikikaa kwenye kiti cha dirishani ujumbe unaingia kwa kubahatisha. Ulikuwa unaniambia kitu. Simu ilikuwa chini ya meza, mapajani. Nikasoma ujumbe wa yule mama huku nakutazama wewe usoni na kutikisa kichwa. Watu wengi wakivaa soli iliyonyanyuliwa wanaona wanayumba, ni kweli. Nina jibu nililoliandika kabisa, nabonyeza tu linakwenda. “Ni kawaida, utazoea baada ya siku mbili tatu.” Nikabonyeza.

Kiatu kilichonyanyuliwa kilikuwa cha kulia, Baba. Kwenye karatasi ya vipimo niliyomwachia fundi nilikuwa nimekosea upande. Angeniuliza wakati mwingine wowote, nikiwa na akili yangu, ningemwambia, “Hebu piga picha ukiwa umesimama nikuone.” Ningeliona kosa mara moja. Lakini nilimjibu ndani ya dakika moja. Akaniandikia kunishukuru kwa kumjibu haraka hivyo wakati wa likizo.

Akajikaza. Siku ya tatu aliteleza kwenye ngazi za jiko la shule akavunjika kifundo cha mkono. Mkono wa kulia, wa kukorogea. Miezi miwili hakufanya kazi. Nilikwenda kwake na kalibu mpya, nikamshonea viatu vingine kwa mikono yangu, na hakunigombeza. Alisema, “Uliniambia nitazoea, nikasema ngoja nizoee.” Bado ananitumia salamu.

Ungedhani mtu akipata somo kama hilo angeiweka simu mbali. Mimi nimekuwa mbaya zaidi. Sasa naogopa kwamba dakika nisiyotazama ndiyo mtu ataanguka. Naijibu nikiwa nafua, nikiwa namvusha mtoto barabara. Nimechoka, na hasira zangu naishia kukumwagia wewe.

Saa moja yako naikubali. Na wewe niambie: siku ile mezani ulikuwa unasema nini? Nilikuitikia, lakini sikusikia hata neno moja.

Binti yako

5 Desemba

Binti yangu,

Marahaba. Huyo mama mpishi, mpe salamu zangu, hata kama hanijui.

Siku ile mezani nilikuambia kwamba masikio yangu yanakufa.

Nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima kulisema hilo. Nilikuwa nalisema peke yangu nikinyoa ndevu. La kulia lilikuwa limekwishazimika, la kushoto lilikuwa linafuata. Nikakuambia, na nikakuomba uende nami kwa daktari, kwa sababu mtu asiyesikia akienda peke yake atarudi na majibu gani? Ukanitazama usoni, ukatikisa kichwa, ukasema, “Sawa Baba, itakuwa vizuri.” Kesho kutwa yake ukaondoka.

Nikasema moyoni, basi ameamua hivyo. Sikukuuliza tena. Mtu hujifunza kuomba akiwa mdogo. Ukubwani ni kazi ngumu.

Simu ninaiona ikiwaka, siisikii ikilia. Nilipopokea zile mara mbili ni kwa sababu nilikuwa nimeishika. Sauti yako ilikuwa kama mchanga unaochekechwa, ndiyo maana nilisema wazima, asante. Uliponiandikia kwamba nimetia pamba masikioni nilikasirika siku mbili sikula vizuri, kumbe hukuwa na njia ya kujua. Nikaifunga simu kwenye kitambaa kwa sababu taa yake ilinisuta.

Sasa nikuambie la aibu. Nimemwitikia mwalimu kitabu kizima bila kusikia. Nilimwitikia mwenye duka la dawa, nikatoka na dawa ya kikohozi, na mimi nilikwenda kwa ajili ya goti. Niliinywa. Kwa hiyo unaposema kwamba ulitikisa kichwa bila kusikia, usidhani unakiri kosa mbele ya mtu msafi.

Nimekasirika bado. Nilitaka ulijue hilo kabla hujafika. Lakini njoo.

Baba yako

16 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta karakana. Niliisomea nje, katikati ya mapipa ya rangi, fundi wa soli akanifuata na kiti.

Sitaandika mengi, huenda nikafika kabla ya karatasi hii. Tunakuja tarehe 21. Tarehe 23 tuna miadi kwa daktari wa masikio. Nimepiga simu mwenyewe nikaandikisha jina lako, kwa hiyo usiniletee ubishi. Itabidi tulale mjini kwa binamu yako usiku mmoja.

Lile jibu la kubonyeza nimelifuta. Nimebandika tangazo kwenye ukurasa wangu, na kwa kuwa utataka kulisahihisha, hili hapa: “Karakana imefungwa tarehe 21 Desemba hadi 4 Januari. Nitasoma ujumbe saa nne asubuhi, mara moja kwa siku. Kama kiatu kinakuumiza au kinakuyumbisha, kivue sasa hivi, usisubiri jibu langu, kisha mpigie fundi kwa namba hii.” Fundi wa soli ameniuliza kwa nini hatukuliandika mwaka juzi.

Roho i juu, Baba, sikufichi. Nimelibandika kisha nikalichungulia mara kumi kama kuna aliyekasirika.

Binti yako

19 Januari

Baba,

Shikamoo. Tulifika salama, mtoto alilala njia nzima. Amewasimulia wenzake kwamba babu alimiminiwa gundi ya waridi sikioni ili wachukue umbo lake. Nimemwambia ni kipimo tu cha kifaa cha kusikilizia, kama ninavyochukua mimi cha mguu, lakini gundi imemkaa kichwani.

Nina jambo nililokuficha nikiwa hapo. Uliniona siku ile nimeshuka kwenye ndoo nikaikalia, ukaniuliza kuna nini, nikakuandikia kwenye daftari, “Hamna kitu.” Ulilisoma muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

Kilikuwepo kitu. Kituo kimoja cha watoto wenye matatizo ya miguu kilikuwa kinatafuta fundi wa kuwashonea watoto kumi na sita, na baadaye kila mwaka, kadiri wanavyokua. Oda kama hiyo sijawahi kuipata. Waliniandikia tarehe 23, saa tano asubuhi. Wakaandika tena saa saba. Saa kumi wakaandika, “Tumempata mwingine, asante.” Tangazo waliliona, lakini walikuwa na haraka. Saa hizo zote nilikuwa kwenye kile chumba cha kupimia masikio chenye ukuta wa sponji, naandika kwenye daftari kila alichosema daktari ili usome, na simu ilikuwa chini kabisa ya mkoba. Niliona ujumbe wao kesho yake tuliporudi.

Nisingekuwa pale ningeipata oda. Sijajuta, maana nilimsikia daktari akisema sikio la kushoto bado linaokoleka, na tungechelewa mwaka mwingine lisingeokoleka. Lakini nimekasirika, Baba. Mpaka leo nikipigilia soli napigilia kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Sijui nimkasirikie nani. Wao hawakukosea, wewe hukukosea, na mimi safari hii sikukosea. Fundi wa soli anasema wateja wengine saba walingoja hadi tarehe tano bila neno, nihesabu hao. Najaribu kuwahesabu.

Nimeendelea na saa moja hata huku, ya jioni, mtoto akifanya kazi ya shule. Siku nyingine nashinda, siku nyingine nashindwa kabla ya chakula.

Niambie kifaa cha sikio kikifika.

Binti yako

11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mjukuu wangu ameniandikia kurasa mbili, makosa tisa, nimemrudishia zikiwa zimesahihishwa.

Juu ya watoto kumi na sita sina la kukufariji, na sitajaribu. Kitu kikubwa kimekupita kwa sababu yangu. Nimekaa nao ukweli huo tangu barua yako ilipofika, na naona ni afadhali tuujue wote wawili kuliko uendelee kuniandikia hamna kitu.

Kifaa kilifika wiki iliyopita. Mwalimu alikifuata mjini kwa baiskeli. Wamesema nitakipenda, bado. Kinapiga mbinja kama birika nikiinamia sahani. Nasikia geti la jirani, nasikia bati, najisikia mwenyewe nikitafuna. Mwalimu nilimwomba apunguze sauti, akanitazama kama nimemtukana, maskini, mwaka mzima amekuwa akinipigia kelele kwa wema. Siku ya kwanza nilikivua nikakirudisha kwenye kisanduku chake. Siku ya pili nikakivaa kwa hasira, kwa sababu nilikumbuka kimegharimu nini.

Jumapili niliitoa simu kabatini nikaiweka mezani na kuitazama. Ulipopiga niliisikia kabla taa haijawaka. Najua niliongea kidogo. Nilikuwa nasikiliza. Sauti yako si ile niliyokuwa nikiikumbuka, imekuwa nzito kidogo, inafanana na ya mama yako alipokuwa amechoka. Ulikuwa unanieleza habari ya ngozi iliyofika ikiwa na doa, na sikuijali sana hiyo ngozi, ila sikutaka umalize.

Katikati hapo simu yako nyingine, ya kazi nadhani, ikaita. Ukaiacha iite, ikaita tena. Nikajiandaa kukuaga, nilishaona hata mkono wangu unatafuta pa kukatia. Halafu ukainua ile nyingine, ukamwambia huyo mtu, kwa upole tu, “Nitakurudia baadaye, naongea na baba yangu.”

Ukarudi kwenye ngozi yako na doa lake. Nadhani hukujua kama nimesikia.

Nilisikia.

Baba yako